Usimtume mtoto sigara

(Muziki wa kufungua. Unashuka polepole, mtangazaji anaanza.)

Huenda unasoma kipindi hiki kwenye karatasi, labda peke yako, labda na kikundi chako cha wasikilizaji chini ya mti. Hapa Nakivale, uwe Base Camp, uwe Juru, uwe Rubondo, karibu. Mama uliyeko jikoni, usizime redio. Papa unayesubiri mkutano uanze, sogea karibu. Na nyinyi vijana wa steji ya boda, leo mtatajwa, kwa hiyo sikilizeni mpaka mwisho mjue kama tumewasema vizuri au vibaya.

Leo tunaongea juu ya sigara na watoto wetu, wale wa kuanzia miaka 9 au 10 mpaka 18. Sikuja kukusomea orodha ya magonjwa. Magonjwa utayasikia machache tu, kwa sababu mengi umeshayasikia kwenye kituo cha afya, na bado watoto wanaanza kuvuta. Nataka tuangalie kitu kimoja: sigara ya kwanza inamfikia mtoto kwa njia gani.

Jaribu hivi. Mtafute mtu mzima unayemfahamu ambaye anavuta, mtu ambaye hatakasirika, umwulize: sigara yako ya kwanza kabisa uliinunua? Wengi watacheka kidogo, kisha watasema hapana. Kuna aliyepewa na rafiki njiani kutoka shule. Kuna aliyeokota kipisi cha mjomba wake kikiwa bado na moto. Na kuna wale waliotumwa. Sisi tuliokulia Kivu tunaijua hii vizuri sana, na wenzetu wa Burundi wakiisikia nao watatikisa kichwa.

Kutumwa kuko hivi. Papa amekaa nje na wenzake, maongezi yamenoga. Anamwita mtoto wa miaka 9: kimbia dukani uniletee sigara moja, na uniwashie kwenye mbabula. Mtoto anachukua sarafu, anakimbia. Mwenye duka hamwulizi kitu, anatoa sigara moja kwenye pakiti iliyo wazi. Mtoto anarudi, anapita jikoni, anainama kwenye makaa. Sasa, wewe uliyewahi kuwasha sigara kwa kaa la moto unajua: ukiigusisha tu, inaungua pembeni na kuzima. Lazima uivute. Kwa hiyo mtoto anaiweka mdomoni, anavuta mara moja, mara mbili, anakohoa, macho yanatoa machozi, kisha anakimbia kuipeleka ikiwa inatoa moshi. Papa anasema asante. Wenzake wanasema, huyu mtoto ana adabu.

Hapo hakuna aliyesema mtoto amevuta sigara. Mama hajui, mwalimu hajui, hata papa mwenyewe hahesabu hivyo. Lakini moshi hauulizi ulivutwa kwa nia gani. Mtoto ameshajifunza namna ya kuishika, ameshajifunza kwamba kukohoa kunapita, na ameona kwamba watu wakubwa wanafurahi. Akifika miaka 13 na rafiki akimwambia shika ujaribu, yeye hajaribu tena. Ameshajaribu mara mia moja, kwa heshima kabisa, akitumikia wakubwa wake.

Najua kuna papa anayesema sasa hivi: lakini mtoto kutumwa ni malezi. Ndiyo, papa. Mtoto asiyetumwa hafundishiki. Mtume maji, mtume chumvi, mtume akamwite jirani. Tunaongea juu ya kitu kimoja tu ambacho ukikihitaji, uinuke ukifuate mwenyewe na ukiwashe mwenyewe.

Na hata sheria ya nchi hii inayotuhifadhi imesema. Uganda ina sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016. Sheria hiyo inakataza kumuuzia tumbaku mtu ambaye hajafika miaka 21. Sikia vizuri, si 18, ni 21. Inakataza pia mtu wa chini ya miaka 21 kuuza tumbaku, yaani hata yule binti yako anayekushikia duka baada ya masomo haruhusiwi kumpa mtu sigara. Na inakataza kuuza sigara mojamoja. Pakiti iuzwe nzima, na isiwe na sigara chini ya 20. Shisha imekatazwa. Sigara za umeme zimekatazwa. Tumbaku ya kutafuna na ya kuweka chini ya mdomo, kama ile kuberi ya kwenye vipakiti vidogo ambayo watu huambiwa ni ya kuburudisha kinywa, nayo imekatazwa.

Kwa nini walikataza sigara mojamoja? Fikiria mfuko wa mtoto. Bei ya pakiti nzima ni pesa ambayo mtoto wa darasa la sita hana. Bei ya sigara moja ni chenji ya sukari. Ile pakiti iliyofunguliwa pale juu ya kaunta, karibu na pipi, ndiyo mlango wenyewe.

Hapa niseme neno kwa wenye maduka, na siwasemi kwa ubaya. Wengi ni mama ambao duka ndilo linalomaliza mwezi, hasa tangu msaada wa chakula ulipopungua. Hutajirika kwa sigara moja moja, mama. Ukiamua kwamba hapa kwangu mtoto haondoki na sigara hata akisema ametumwa na nani, utapoteza sarafu chache kwa siku. Na huyo papa aliyemtuma atakuja mwenyewe kukulalamikia, umweleze uso kwa uso. Jibu la dukani ni fupi: mwambie papa aje. Basi. Maduka mawili matatu ya mtaa mmoja yakikubaliana, na mwenyekiti wa RWC akijulishwa, mtoto hana pa kupata.

(Muziki mfupi.)

Umerudi? Haya. Sasa tueleze kidogo kinachotokea ndani ya mwili, kwa sababu vijana wanauliza, na ukiwajibu "ni mbaya tu" wanajua hujui.

Ndani ya tumbaku kuna kitu kinaitwa nikotini. Ukivuta moshi, nikotini inapita kwenye mapafu, inaingia kwenye damu, na ndani ya sekunde 10 hadi 20 imefika kwenye ubongo. Ubongo unapata raha fupi. Kisha raha inashuka, na ubongo unaomba tena. Ubongo wa mtu unaendelea kukua mpaka karibu miaka 25, kwa hiyo ubongo wa kijana ni kama udongo wa mfinyanzi ambao haujakauka: ukiuchora, mchoro unabaki. Ndiyo maana kijana ananaswa haraka kuliko mtu mzima. Haihitaji kwanza avute pakiti nzima kwa siku. Wengine wanaanza kusikia hamu inawasukuma wakati bado wanavuta moja moja tu, wakati bado wanasema "mimi naweza kuacha siku yoyote".

Nikotini ndiyo inayofunga kamba. Moshi ndio unaoua. Ndani ya moshi wa sigara kuna kemikali zaidi ya 7,000, na zaidi ya 60 kati yake zinajulikana kuleta saratani. Na kuna jambo moja linalotuhusu sisi tunaoishi nyumba zilizobanana: kifua kikuu. Anayevuta ana hatari ya kuugua kifua kikuu karibu mara mbili au zaidi kuliko asiyevuta. Akiugua, anayelala naye chumba kimoja ni nani? Ni wadogo zake. Nao watoto wadogo wanaokaa ndani ya moshi wanaugua nimonia na kubanwa na pumu zaidi kuliko wengine. Kwenye chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, moshi haujui pazia.

Ila mimi ni kijana, na nawaambia wazee ukweli: kijana wa miaka 15 haogopi saratani ya miaka 60. Hasa kijana wetu. Mtu aliyevuka mpaka usiku akiwa amebebwa mgongoni, ukimwambia "utakufa mapema", anakutazama tu. Kwake kufa si habari mpya. Ukitaka akusikie, mwambie mambo ya Jumamosi hii.

Mwambie juu ya mpira. Moshi wa sigara unaleta ndani ya damu hewa ya sumu, ile ile ya jiko la makaa lililofungiwa ndani ya nyumba, nayo inakaa mahali pa hewa nzuri. Winga anayevuta anapumua kwa shida dakika ya 60 wakati mwenzake bado anakimbia. Mwambie juu ya harufu, kwamba huyo msichana anayekaa karibu naye kwenye kwaya anaisikia hata kama hasemi. Mwambie juu ya pesa, na mpige hesabu naye, si kwa ajili yake. Tuseme sigara moja ni shilingi 500. Moja kwa siku ni 15,000 kwa mwezi. Lakini hakuna anayebaki kwenye moja. Tatu kwa siku ni 45,000. Mwache aseme mwenyewe 45,000 ingemfanyia nini: viatu, daftari, deni la simu. Akisema kwa mdomo wake, hesabu inabaki kwake.

Na mwambie juu ya kutumiwa. Vijana wanachukia sana kutumiwa. Mwaka 1998 huko Marekani makampuni makubwa ya sigara yalifikia mapatano na majimbo 46, na kutokana na kesi za miaka hiyo karatasi zao nyingi za siri zikawekwa wazi kwa watu wote. Karatasi hizo zinaonyesha kwamba watu wa makampuni walikaa ofisini wakichunguza vijana wadogo, wanapenda nini, wanaiga nani, kwa sababu walijua kijana wa leo ndiye mnunuzi wa kesho. Kampuni moja ilikuwa na tangazo la ngamia wa katuni, amevaa miwani, anavuta. Lilipigiwa kelele sana kwamba linavuta watoto, mpaka likaondolewa mwaka 1997. Fikiria hesabu yao: bidhaa ambayo ikitumiwa miaka mingi inaua karibu nusu ya wanaoitumia lazima ipate watumiaji wapya kila mwaka. Wapya watoke wapi? Hawatoki kwa wazee. Mwulize mwanao: mtu aliyekaa ofisini mbali, hajui hata jina lako, alishapanga uvute. Unamkubalia?

Nimeona vijana wakinyamaza kwa swali hilo kuliko kwa picha yoyote ya mapafu meusi.

(Muziki mfupi.)

Kuna jambo lingine ambalo haliwezi kurukwa. Vijana wengi wanasema, "Inanituliza." Wanasema wakilala wanaona mambo ya zamani, na sigara inawapa nafasi ya kupumua. Msikilizaji, usimcheke anayesema hivyo, na usimwite mwongo. Anasikia utulivu kweli. Lakini mweleze unatoka wapi. Nikotini ikipungua mwilini, mtu anaanza kukasirika bure, mikono haitulii, kichwa kinauma, mawazo hayakai. Akivuta, yale yanaondoka kwa muda. Kwa hiyo sigara inatuliza shida ambayo yenyewe imeileta. Ni kama mtu anayekuwekea jiwe kwenye kiatu, kisha kila saa anakuuzia ruhusa ya kulitoa dakika tano. Yale mambo ya usiku hayajaguswa. Yanahitaji mtu wa kuongea naye: mshauri kwenye kituo cha afya, mchungaji, shehe, mama mmoja wa mtaa anayejua kusikiliza bila kutangaza.

Na tuseme pia kwamba muda mtupu ni rafiki mkubwa wa sigara. Kijana amemaliza msingi, ada ya sekondari haipo, shamba ni dogo, siku ni ndefu. Anaenda kwenye kibanda cha video, anaenda steji. Si kwamba steji ni mahali pabaya; kuna watu wa boda wanaolea familia kwa jasho lao. Ila pale kuna kusubiri, na kwenye kusubiri sigara inazunguka mkono hadi mkono. Nyinyi wakubwa wa steji, kijana mdogo akija kukaa nanyi, usimpe. Akiomba, mwambie hapana mbele ya wenzake, kwa sauti ya kawaida. Neno lako wewe wa pikipiki, kwake yeye, linazidi neno la mwalimu.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Kusema hapana ni kazi ya mdomo, na mdomo unafundishwa kwa kurudia, kama wimbo wa kwaya. Kijana asiyewahi kulisema neno nyumbani, siku ya haja halitatoka. Atasimama, atacheka, atapokea. Kwa hiyo jaribuni nyumbani. Kaka mkubwa awe rafiki anayetoa sigara, mdogo ajibu. Wenzangu wa studio wamekubali kutuonyesha.

SAUTI YA KWANZA: Shika, vuta kidogo.

SAUTI YA PILI: Hapana, mimi siko mtu wa sigara.

SAUTI YA KWANZA: Aa, unaogopa mama yako?

SAUTI YA PILI: Namuogopa kabisa. We haumuogopi wako?

SAUTI YA KWANZA: (Anacheka.) Moja tu. Haitakuua.

SAUTI YA PILI: Basi yangu vuta wewe, leo umebarikiwa na mbili. Sema, kesho nani anakaa golini?

(Vicheko vinashuka.)

Umesikia? Sauti ya pili hakutoa hotuba. Hakusema sigara ina kemikali 7,000. Hakumwita mwenzake mjinga, kwa sababu angemkosa rafiki. Alisema "siko mtu wa sigara", na hilo ni tofauti na kusema "sitaki leo". Anayesema sitaki leo anaulizwa tena kesho. Kisha alitupa mzaha, akageuza maneno. Kama mzaha si tabia ya mwanao, mtafutie jibu lake. Mwingine atasema, mdogo wangu ana pumu, nikirudi nanuka moshi hatalala. Mwingine atasema, kocha atanitoa. Mwingine ataondoka tu, na kuondoka nako ni jibu. Msichana huenda akahitaji maneno mengine, hasa pale anapoalikwa shisha na mtu mkubwa mwenye pesa. Hapo jibu zuri ni kuwa na dada au rafiki waliyekuja naye na watakayeondoka naye.

Rudieni mara nne, mara tano, mpaka mcheke. Mkicheka, limeingia.

Nije kwa papa anayevuta mwenyewe. Papa, nakujua. Unasema: nitamkatazaje kitu ninachokifanya mbele yake? Ataniona mnafiki. Kwa hiyo unanyamaza, na mama peke yake ndiye anayepiga kelele. Mimi naona kinyume. Katika nyumba nzima, wewe ndiye unayeijua sigara kwa jina lake la kweli. Daktari ameisoma, mwalimu amehadithiwa, wewe umeishi nayo. Mwite mtoto siku moja, bila hasira, mwambie ulianza ukiwa na miaka mingapi, nani alikupa, umejaribu kuacha mara ngapi na ilikushinda siku ya ngapi. Mwambie asubuhi unavyoamka na kikohozi. Mwambie kuna siku nyumbani hapakuwa na chumvi na wewe ulikuwa na sigara. Maneno hayo hayana unafiki wowote, ni ushuhuda. Kisha weka sheria ya nyumba na wewe uifuate: hakuna anayevutia ndani, hakuna mtoto anayetumwa, pakiti haikai mezani. Kuacha ni safari yako; kituo cha afya watakusaidia ukienda kuuliza. Lakini usisubiri mpaka uache ndipo uongee na mtoto. Yeye hatasubiri.

Kuna atakayesema: bibi yangu alivuta kiko mpaka akafika miaka 80 na zaidi, akizikwa akiwa na meno yake. Nakubali, wapo. Nimesema sigara inaua karibu nusu ya wanaoivuta miaka mingi, maana yake nusu nyingine haiwaui. Shida ni kwamba hakuna aliyezaliwa na alama usoni inayosema yuko nusu gani. Na tunamkumbuka bibi kwa sababu alibaki. Wale wengine waliokohoa wakaondoka na miaka 50 tuliwazika tukasema ni uchawi, au ni baridi ya milimani.

Bado kuna mtoto ambaye ameshaanza, na wewe umemkuta leo hii nyuma ya choo na moshi. Ufanye nini? Najua kinachofanyika mara nyingi. Anachapwa. Wengine wanamlazimisha avute pakiti nzima mpaka atapike. Msikilizaji, hiyo ya pakiti nzima ni kumlisha sumu kwa mkono wako, usiifanye. Na fimbo inamfundisha kitu kimoja, kujificha vizuri zaidi, na anajificha kwa nani? Kwa wale wale waliompa.

Kaa chini kwanza. Acha hasira ipite, hata kama itachukua mpaka kesho. Kisha uliza maswali ambayo majibu yake huyajui: ilianza lini, uko na nani ukivuta, ukikosa siku mbili unasikiaje. Swali la mwisho ndilo kubwa. Akisema hasikii kitu, bado kamba haijakaza, na kazi ni kubadilisha mahali anapokaa na watu anaokaa nao. Akisema anakasirika na halali vizuri, basi nikotini imeshamshika, na atahitaji msaada. Mtu wa timu ya afya ya kijiji anaweza kukupeleka kwa mhudumu.

Akiamua kuacha, mwambie ukweli wa siku za kwanza. Siku 3 za mwanzo ndizo ngumu, zaidi ya zingine zote. Atakuwa mkali, kichwa kitauma, atakula sana, atalala vibaya. Baada ya wiki mbili mpaka nne inapungua. Hamu inakuja kama wimbi, inapanda, inakaa dakika chache, inashuka hata asipovuta. Kwa hizo dakika chache anywe maji, atembee, akate kuni, ampigie rafiki simu. Nyumba nzima ijue ili asijibiwe vibaya kila akikunja uso. Na mwili unaanza kujirudi mara moja: dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo yanashuka, na ndani ya saa 12 ile hewa ya sumu kwenye damu imerudi kiwango cha kawaida. Saa 12, msikilizaji. Akiacha jioni, asubuhi damu yake ni safi kuliko jana. Akirudia mara moja, usiseme nilijua. Wengi wanaoacha wanaacha baada ya kujaribu zaidi ya mara moja.

(Muziki unaanza chini kabisa.)

Muda wetu unaisha. Kikundi cha wasikilizaji, kazi yenu ya wiki hii ni hii. Hesabuni kwenye mtaa wenu ni maduka mangapi yanauza sigara mojamoja, na yako umbali gani na shule. Msiende kwa ugomvi, nendeni na mwenyekiti wenu wa RWC, mwongee na mwenye duka kwa adabu, mumweleze sheria ya miaka 21. Andikeni alichojibu, hata kama amekataa. Na kila mzazi kwenye kikundi afanye lile zoezi la kusema hapana na mtoto wake mmoja, aandike jibu ambalo mtoto alilibuni mwenyewe. Msiandike majina ya watoto wala ya wenye maduka.

Karatasi mpeni katibu wa kikundi kabla ya Jumanne jioni. Alhamisi saa ile ile tutayasoma hewani, tukianza na majibu ya wenye maduka, kwa sababu nao wana la kusema. Vijana wa steji, yenu tutayasoma ya pili.

(Muziki wa kufunga unapanda.)